Kompyuta ya sekretaria yenye RAM ya GB 4: nichague bareti gani?

Mama_Sekretaria (Bukavu)

Nawasalimu nyote. Ninaendesha sekretaria ndogo hapa Bukavu, upande wa Nyawera, ambako tunachapa kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi, tunatoa fotokopi, tunaskani vyeti, na msimu wa harusi ukifika tunatengeneza pia kadi za mialiko. Kompyuta yetu kuu ni Dell OptiPlex 7010 ya mezani, tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, yenye prosesa ya Intel Core i5-3470, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya GB 4 na diski ngumu ya GB 500. Mfumo uliomo ni Windows 10 ya Kifaransa.

Kazi ikiwa ndogo mashine haina tatizo. Lakini mwanafunzi akileta faili lenye kurasa nyingi na picha ndani yake, huku kivinjari kikiwa wazi kwa sababu wateja wengi hututumia mafaili kwa WhatsApp, mashine huanza kuburuta: kishale kinakwama, taa ndogo ya diski haizimiki, na kutoka Word kwenda kwenye kivinjari kunachukua muda ambao mteja aliyesimama mbele yangu anaanza kuuhesabu. Muuzaji mmoja wa huku amenishauri ninunue bareti (kipande cha RAM) ya GB 8 yoyote ile, mradi iwe ya aina ya DDR3, kwa kuwa anasema zote ni sawa zikishaingia. Mwingine ameniambia nisipoteze fedha kwa mashine ya zamani.

Bajeti yangu ni dola 60, na sitaweza kuiongeza hivi karibuni. Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie kuamua kati ya kuongeza bareti moja ya GB 4, kununua mbili za GB 8, au kuiacha RAM ilivyo na kuzitumia fedha hizo kwa jambo jingine. Ninaomba pia mnieleze nitakavyoitambua bareti sahihi nikiwa dukani, maana huku nyingi zinauzwa bila boksi, zimepangwa tu mezani, na bidhaa ikishatoka muuzaji hakubali irudi.

FundiBirere (Goma)

Mama, huyo muuzaji wa kwanza amekuambia nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayogharimu. Ni kweli kwamba mashine yako inatumia DDR3. Bareti ya DDR4 haitaingia hata ukiilazimisha, kwa sababu ya DDR3 ina pini 240 na ya DDR4 ina pini 288, na lile pengo dogo la ukingo wa chini halikai mahali pamoja. Hata hivyo bareti inaweza kuwa ya DDR3 kweli, ikaingia bila taabu, vishikizo vikafunga, na mashine isiwake kabisa. Tutafika huko.

Kabla ya kuuliza ni GB ngapi, tuhakikishe kwanza kwamba RAM ndiyo inayopungua. Siku yenye kazi nyingi, mashine ikiwa imeanza kuburuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue "Gestionnaire des tâches", kisha uingie "Performance" na uangalie "Mémoire". Ikiwa kiasi kinachotumika kimekaribia jumla yote, na diski nayo inaonyesha asilimia 100 muda wote, maana yake ni kwamba RAM imejaa na Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye faili maalumu lililo kwenye diski. Diski ngumu inayozunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kukifikia kipande kimoja cha data, ilhali muda wa RAM hupimwa kwa nanosekunde, na tofauti hiyo ndiyo unayoiona kishale kinapokwama. Lakini ukikuta RAM bado ina nafasi kubwa na diski ndiyo iliyoelemewa, basi bareti mpya haitabadilisha kitu, na dola zako zitafaa zaidi kununua SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka. Ukurasa huohuo utakuonyesha pia ni sloti ngapi, yaani nafasi za kuchomekea bareti, zinatumika kati ya zilizopo.

Jambo jingine ni jina la mashine yenyewe. Dell walilitumia jina OptiPlex 7010 mwaka 2012 kwa mashine za rika la yako, kisha wakalirudia mwaka 2023 kwa mashine za prosesa za Intel za kizazi cha 13, ambazo hazikubali DDR3 hata kidogo. Ukitafuta kwenye intaneti kwa jina hilo tu, unaweza kuonyeshwa bareti za mashine nyingine kabisa. Kwa bahati, i5-3470 uliyoitaja inaondoa shaka. Ukitaka uhakika zaidi, tafuta kibandiko chenye namba ya huduma ya Dell, ambayo ina herufi na tarakimu saba, uiandike kwenye tovuti yao, nao watakuonyesha mashine ilivyotoka kiwandani.

Mashine hiyo ya 2012 ilitengenezwa kwa maboksi ya ukubwa mbalimbali. Yale makubwa na yale membamba ya kawaida yana sloti nne, bali lile dogo kuliko yote lina mbili. Tuandikie basi una sloti ngapi, tuandikie maneno yote yaliyo kwenye lebo ya bareti iliyomo, herufi kwa herufi, na utuambie ukurasa wa habari za mfumo, ule ulio ndani ya "Paramètres", unasema nini kuhusu RAM na kuhusu aina ya mfumo. Mstari huo wa mwisho watu wengi huuruka.

MchoraMabango (Lubumbashi)

Mimi ningemshauri mama aende moja kwa moja kwenye GB 16, na nitatoa sababu, kwa kuwa ninaishi kwa kazi ya picha na mabango hapa Lubumbashi.

Ukurasa mmoja wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, yaani takriban milioni 8.7. Kila pikseli ya rangi inachukua baiti 3, kwa hiyo ukurasa huo ukifunguliwa unakalia takriban MB 26 za RAM, hata kama faili lake la JPEG kwenye diski ni dogo sana. Ukiskani kwa nukta 600, hesabu inazidishwa mara nne. Kadi ya harusi iliyo kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, yenye tabaka za maua, picha ya maharusi, kivuli na maandishi, inakusanya tabaka nyingi za namna hiyo, na programu inahifadhi pia hatua za nyuma ili uweze kutengua. Adobe, wenye programu hiyo, wanataja GB 8 kuwa kiwango cha chini cha Photoshop ya sasa, na GB 16 kuwa kiwango wanachopendekeza. Mtu akinunua GB 8 leo, kesho atarudi sokoni. Heri kulipa mara moja.

Mama_Sekretaria (Bukavu)

Nawashukuru sana, Papa Fundi na Papa MchoraMabango. Nimefanya kama mlivyoagiza wakati wateja wakiwa wengi. Diski ilikuwa kwenye asilimia 100 bila kushuka, na RAM ilikuwa karibu kujaa. Sloti inayotumika ni moja kati ya nne.

Lebo ya bareti iliyomo inasema: 4GB 1Rx8 PC3-12800U-11-11-A1.

Ukurasa wa mfumo nao unasema hivi: "4,00 Go (3,20 Go utilisable)", na chini yake: "Système d'exploitation 32 bits, processeur x64". Sikuwahi kuuelewa mstari huo wala kuujali.

Kuhusu Photoshop, tunayo ya zamani, na tunaifungua hasa miezi ya harusi. Kazi ya kila siku ni Word, kuskani, PDF na WhatsApp.

FundiBirere (Goma)

Hapo ndipo tatizo lilipo, Mama, na ninafurahi kwamba hujatoa hata faranga moja.

Windows uliyowekewa ni ya biti 32. Mfumo wa namna hiyo unahesabu anwani za kumbukumbu kwa namba ya biti 32, na namba hiyo inaishia kwenye anwani 4,294,967,296, ambazo ni GB 4 kamili. Sehemu ya anwani hizo hutengwa kwa ajili ya vifaa vingine, kama ile sehemu ya prosesa inayochora picha kwenye skrini, ndiyo maana unabakiwa na GB 3.20 za kutumia. Ungenunua zile bareti mbili za GB 8 na kuziweka, ukurasa wako ungeandika kwamba mashine ina GB 20, na kwenye mabano ungeona kiasi kisichofika 4. Windows 10 ya biti 32 haivuki GB 4, iwe ya nyumbani au ya kitaaluma. Ninashuku kwamba aliyeiweka alitumia CD au flashi aliyokuwa nayo mfukoni, maana prosesa yako ni ya biti 64 tangu ilipozaliwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kubadilisha mfumo, na hatua hiyo haihitaji dola bali inahitaji uangalifu. Leseni ya Windows 10 ya toleo lilelile inakubaliwa kwa biti 32 na kwa biti 64, lakini huwezi kupanda kutoka moja kwenda nyingine ukiwa ndani ya mfumo uleule; inabidi usakinishe upya. Toa kwanza nakala ya mafaili yote ya wateja kwenye diski ya nje, uifungue nakala hiyo kwenye mashine nyingine ili uhakikishe kwamba mafaili yanafunguka, ndipo uguse mfumo. Chagua saa ambazo umeme wa mtaa wako huwa umetulia, au uiunganishe mashine kwenye UPS (betri ya akiba).

Katika sekretaria jambo linaloleta majuto zaidi ni printa. Mfumo wa biti 64 unahitaji draiva (programu ndogo za kuendeshea vifaa) za biti 64, na printa nyingi za zamani, pamoja na baadhi ya skana, hazikuwahi kutengenezewa. Kabla ya kufuta chochote, andika jina kamili na namba ya kila printa, skana na mashine ya fotokopi iliyounganishwa, kisha utafute draiva zake kwenye tovuti ya mtengenezaji, uzipakue na uziweke kwenye flashi.

Nikiwa hapo, nisipite bila kutaja kwamba Microsoft waliacha kuitegemeza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba prosesa yako haimo kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Hilo halizuii mashine kufanya kazi, ila uwe mwangalifu na flashi za wanafunzi, ambazo sote tunazijua.

Mwanafunzi_Informatiki (Bukavu)

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Kama mama atanunua bareti, kwa nini asichague za megahezi 1866 au 2133 badala ya 1600, ili mashine iwe na kasi zaidi?

Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)

Kwa sababu i5-3470 inaendesha RAM kwa 1333 au 1600, basi. Bareti ya 1866 itashuka hadi 1600 kama imeandikiwa pia kasi hiyo ndani yake, na wewe utakuwa umelipia namba isiyotumika. Kadhalika ukichanganya ya 1600 na ya 1333, zote zitatembea kwa 1333. Katika kuchapa na kuskani, tofauti kati ya kasi hizo mbili mtu haioni kwa macho, kwa hiyo lisiwe jambo la kumnyima mama usingizi.

Nirudi kwenye lebo, kwa kuwa Papa Fundi aliahidi maelezo na mimi ninayapenda maelezo hayo. Mama, lebo yako inasomeka hivi. "4GB" haina fumbo. "PC3" ni DDR3. Ingeandikwa "PC3L" ingekuwa DDR3 inayoweza kutumia volti 1.35 badala ya 1.5, na hiyo inafanya kazi pia kwenye mashine ya volti 1.5, kwa hiyo ukiikuta usiikimbie. "12800" ni megabaiti kwa sekunde: bareti ya 1600 inapitisha data mara milioni 1600 kwa sekunde, baiti 8 kila mara, na 1600 ukizidisha kwa 8 unapata 12800. Ukiona 10600, hiyo ndiyo 1333. Namba za 11 zinazofuata zinahusu muda wa kusubiri na toleo la maelezo yaliyohifadhiwa ndani, na A1 ni mchoro wa bodi. Dukani huna haja nazo.

Herufi unayopaswa kuitazama kwanza ni ile inayofuata 12800. Yako ni U, yaani bareti ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ikiwa ni S, ni bareti fupi ya kompyuta mpakato yenye pini 204, na hata mtoto ataona kwamba haitoshei. Ikiwa ni R, hapo ndipo watu wanapoliwa fedha. Hiyo ni bareti ya seva, yenye chipu ya ziada katikati inayopokea amri kabla ya kuzipitisha. Ina urefu uleule na pini zilezile 240, pengo lake liko mahali palepale, na inaingia kwenye sloti yako bila kulalamika, ila mashine yako haitaiwasha kamwe. Seva kuukuu zikivunjwa kwa wingi, bareti hizo husambaa masokoni kwa bei ya chini sana, na hiyo bei ndiyo chambo.

Sasa "1Rx8". Namba ya kwanza ni idadi ya safu za chipu zinazofanya kazi pamoja, na ile ya mwisho ni upana wa kila chipu kwa biti. Njia ya kumbukumbu ina upana wa biti 64, kwa hiyo chipu za biti 8 zinatakiwa nane kwa kila safu. Yako ina safu moja, na ukiihesabu utakuta chipu nane upande mmoja. Bareti ya GB 8 inayofaa kizazi hicho cha Intel ni "2Rx8", yaani safu mbili, chipu kumi na sita, nane kila upande, kila moja ikibeba jigabiti 4. Ukiletewa bareti ya DDR3 ya GB 8 yenye chipu nane tu, maana yake kila chipu inabeba jigabiti 8, na prosesa yako haizijui chipu nene namna hiyo.

Pana mtego mwingine ambao kuhesabu chipu hakuuoni. Zinauzwa bareti za GB 8 za DDR3, mpya, bei nafuu, zenye chipu kumi na sita safi, ambazo ndani yake chipu zina upana wa biti 4 tu. Chipu kumi na sita za biti 4 zinatimiza biti 64, hesabu inakubali, lakini ubaomama (bodi kuu) wa mezani wa Intel haukubali chipu za upana huo. Ubaomama fulani za zamani za AMD, mshindani wa Intel, ndizo zinazozikubali. Nyingine zimeandikwa waziwazi kwa herufi ndogo kwamba ni za AMD, nyingine hazikuandikwa chochote isipokuwa "Desktop". Bareti isiyo na maandishi ya mtindo wa "2Rx8" wala herufi baada ya namba ya kasi, mimi siinunui bila kuiona ikiwaka kwenye mashine yangu.

MchoraMabango (Lubumbashi)

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu lebo, na nimepunguza shauku yangu ya GB 16 baada ya kusikia kwamba Photoshop inafunguliwa msimu wa harusi tu. Hata hivyo Mama asinunue bareti moja ya GB 8 kuichanganya na ya 4 bila kujua inavyofanya kazi. Prosesa hiyo ina njia mbili za kumbukumbu, na bareti mbili zenye ukubwa sawa, kila moja kwenye njia yake, zinaipa upana mara mbili, hadi GB 25.6 kwa sekunde kwa karatasi za Intel. Kwa kuwa mashine haina kadi ya picha na inaazima RAM hiyohiyo kuchora skrini, upana huo unafaa.

Mama_Sekretaria (Bukavu)

Nimepita Kadutu kwa muuzaji mwingine ambaye ana subira. Nimeandika lebo zote kwenye daftari kama zilivyo:

8GB 2Rx4 PC3-10600R-9-10-E1, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote;

nyingine ya GB 8, mpya, iliyoandikwa tu DDR3 1600 Desktop;

4GB 1Rx8 PC3L-12800U-11-13-A1, ambazo anazo mbili;

4GB 2Rx8 PC3-10600U-9-10-B0, moja.

Anayo pia SSD ya GB 240. Bareti moja ya GB 4 pamoja na SSD hiyo vinaingia ndani ya dola 60. Bareti mbili pamoja na SSD vinazidi kidogo. Amekubali nibebe mashine yangu nijaribu hapohapo kabla ya kulipa.

Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)

Mama, muuzaji anayekubali ujaribu kwanza mshike vizuri.

Ya kwanza ni ya seva: herufi R imejitangaza, na "x4" imeongeza ushahidi. Ya pili iache, labda kama unataka kumtosheleza muuzaji kwa kuijaribu bure. Ya nne ingefanya kazi, ila ingeishusha ya kwako hadi 1333, na kwa kuwa iliyo bora zaidi ipo palepale, sioni sababu. Chukua moja ya PC3L-12800U. Ina safu moja na upana uleule kama yako, na hiyo L haitaleta ugomvi. Utakuwa na GB 8 kwenye njia mbili.

Fedha zinazobaki ziende kwenye SSD, wala usizivunje kutafuta bareti ya tatu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaohesabu GB za RAM peke yake. Kwa kazi uliyoieleza, GB 8 zitatosha siku nyingi za mwaka, na siku ambazo hazitatosha, Windows itahamishia kazi kwenye SSD, ambayo hukifikia kipande cha data kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde badala ya milisekunde 10. Yaani hata RAM ikijaa, mteja wako hatasimama akitazama kishale kilichokwama. Tena, kwa kuwa unasakinisha mfumo upya, usakinishe moja kwa moja kwenye SSD, na ile diski ya GB 500 ibaki kuwa ghala la mafaili ya wateja. Kazi mbili zinafanyika kwa usumbufu mmoja.

Msimu wa harusi ukileta fedha, sloti mbili bado zitakuwa wazi. Mashine inabeba hadi GB 32.

FundiBirere (Goma)

Naunga mkono, na niongeze machache kuhusu kuiweka.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa bareti, na uishike bareti kwa kingo zake. Sloti za mashine hiyo zina vishikizo vya rangi mbili: anza na zile zenye vishikizo vyeupe, moja kwa bareti yako ya zamani na moja kwa mpya, ndipo zitakapokaa kila moja kwenye njia yake. Linganisha pengo, kisha usukume ncha zote mbili kwa nguvu sawa mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Sisi wa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake huingia hadi ndani ya sloti ambazo hazijawahi kutumika, kwa hiyo mimi hupiga brashi kavu kwanza. Nadhani huko Bukavu vumbi si kali hivyo, lakini mashine iliyokaa miaka kando ya fotokopi haikosi vumbi la wino wa unga. Usipulize kwa mdomo. Mate yanafika kabla ya upepo.

Ukiiwasha mara ya kwanza, itasimama na kukuambia kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika. Huo si ubovu. Bonyeza F1 iendelee. Kisha, ukiwa bado dukani, iwashe tena huku ukibonyeza F12, uchague kipimo cha mashine kilicho kwenye orodha hiyo, na ukiache kipime RAM hadi mwisho. Kikitoa kosa hata moja, toa bareti yako ya zamani uipime mpya peke yake, ili ujue mwenye hatia ni nani kabla ya kumlaumu muuzaji. Bareti mbovu usikubali kuishi nayo kwa sababu eti mashine inawaka: inaweza kuharibu faili wakati wa kulihifadhi, nawe ukagundua siku mwanafunzi anapokuja kuchukua kazi yake.

Mama_Sekretaria (Bukavu)

Kipimo kimepita bila kosa, na nimelipa. Windows ya biti 64 imekaa kwenye SSD, na ukurasa wa mfumo sasa unaonyesha GB 8 ambazo karibu zote zinatumika. Leo nimefungua Word, kivinjari na skana kwa pamoja, na RAM imebaki na nafasi.

Limebaki jambo moja. Printa mbili zimekubali draiva mpya, lakini ya tatu, HP LaserJet ya zamani, tovuti inatoa draiva za biti 32 peke yake. Je, niitupe?

FundiBirere (Goma)

Usiitupe bado, Mama. HP wanayo draiva moja ya jumla kwa ajili ya LaserJet nyingi, na ipo ya biti 64. Angalia kwanza kwenye kitabu chake au kwenye karatasi ya majaribio inayochapwa na printa yenyewe kama imeandikwa PCL, ambayo ni lugha ya printa. Ikiwa imeandikwa, sakinisha draiva hiyo ya jumla ya PCL, na kuna matumaini makubwa kwamba itachapa. Lakini kama ni miongoni mwa zile ndogo ambazo hazielewi lugha yoyote na zinategemea kompyuta ichore ukurasa mzima kwa niaba yao, draiva ya jumla haitasaidia. Hiyo iunganishe kwenye kompyuta nyingine yoyote ambayo bado ina mfumo wa biti 32, hata iwe na GB 2 tu, uwe unaipelekea PDF kwa flashi au kwa mtandao wa ndani, nayo iwe inachapa kutoka huko.